Kanga ya Mama Zuhura

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Nimebeba kochi lile lile, ndani, nje, ndani tena. Mwongozaji hajui anataka nini. Upepo umeleta vumbi, nimefuta vikombe vyote upya. Kwenye mchezo huu wa televisheni kazi yangu ni vitu: viti, sufuria, taa, chochote wanachoshika waigizaji. Naazima kwa watu wa mtaa huu wa Makole, tukimaliza narudisha. Mgongo unauma.

Jioni nimekula kwa Mama Zuhura, mama ntilie wa hapa jirani. Wenzangu wananitania eti nafuata maharage. Nafuata mwenye maharage. Nimemwomba tuoane. Amesema atanijibu wiki ikiisha. Kwetu Kigoma hakuna anayeningoja tena.

Jumanne, 7 Septemba
Kesho mama wa kwenye mchezo anabeba mtoto mgongoni. Inatakiwa kanga iliyochakaa, mpya inang'aa. Nimemwuliza Mama Zuhura. Aliingia ndani, akatoka nayo. Ndiyo aliyombebea Zuhura. Kipande cha pili cha doti walimfunika nacho mtoto huyo siku ya kumzika.

Nikasema hii hapana, nitatafuta nyingine.

"Ichukue. Nataka niione imebeba mtoto tena. Ila uirudishe vile vile, wewe Mha, nitakukata masikio!"

Nikaapa.

Jumatano, 8 Septemba
Alikuja kutazama. Nilimgeuzia ndoo akakaa. Mtoto wa jirani tuliyemwazima akasinzia mgongoni kwa mwigizaji. Mama Zuhura akafuta macho, akanitazama. Nilijua jibu lake kwangu ni ndiyo.

Halafu mwongozaji akabadilisha. Sasa mtoto amegongwa na gari, afunikwe kwa kanga ile, kanga ilowe damu. Nikamwambia ni ya mtu. Akasema atanunuliwa mpya. Nikamwambia haina mpya yake. Akacheka. "Mzee, kama kazi imekushinda, Kizota pale vijana wamejaa wanatafuta kibarua."

Damu ya kuigizia naitengeneza kwa choya, yale maua mekundu ya juisi, na sukari. Ikifuliwa inatoka. Lakini kwenye kamera ilionekana kama sharubati, akataka nzito, nyekundu kabisa. Sandukuni nina rangi ya mikeka. Nikaitia. Tukamlaza mwanasesere, nikamfunika, nikamwaga kwa mkono wangu mwenyewe. Niliogopa kufukuzwa. Hakuna sababu nyingine.

Nilipogeuka, ndoo haina mtu.

Alhamisi, 9 Septemba
Nimefua. Sabuni ya mche, ndimu, chumvi, maji ya majivu. Mama yangu alisuka mikeka maisha yake yote. Najua rangi ile imetengenezwa isitoke. Nilijua na jana. Doa limekaa katikati. Nikisugua, nyuzi zinaachia. Nimeacha kabla sijaichana.

Ijumaa, 10 Septemba
Nimempelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akaitazama kwa muda mrefu.  

"Zuhura wangu alikufa kwa homa," akasema. "Hakutoka damu hata tone."

Akaingia ndani. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 11 Septemba
Sikula. Mwongozaji amesifu tukio la damu mbele ya watu wote. Wakapiga makofi. Nimekwenda nyuma ya gari la vyombo nikalia kama mjinga.

Jumatatu, 13 Septemba
Wiki imeisha. Mchana nilikwenda kula kwake, maana kutokwenda kulinishinda. Nikakaa kwenye benchi na wapiga lipu wawili. Aliwapakulia wao, akafika kwangu.

"Karibu kaka. Maharage au nyama?"

Hajawahi kuniuliza ninachokula. Hajawahi kuniita kaka, kama mteja wa kupita.

Nikasema maharage. Akaleta, na maji ya kunawa, na pilipili pembeni, kila kitu sawasawa. Nikala nikamaliza. Jibu langu sikuliuliza. Nikanawa mikono, nikamshukuru, nikarudi kupakia viti.