Saruji ya Mfupa Isiyooshwa

Kotagede, Yogyakarta
16 Machi 2019

Mpendwa Mama mdogo Ngatirah,

Pokea salamu yangu ya magoti kutoka mbali. Vipi huko Kaohsiung, na yule bikizee unayemlea bado anakataa uji? Mgongo wako je? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa hizi mvua, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi na simu ninayo. Sababu utaiona mbele. Kwanza nikupe habari, maana nina furaha mbaya, Mama mdogo, furaha ya kisasi, na nikiisema hapa nyumbani nitaambiwa nitubu.

Kazi yangu ya maabara unaijua. Miaka minne nimechanganya unga wa mawe ya chokaa nipate saruji ya kuziba mfupa uliokatwa, wa taya au wa mguu. Kabla haijamgusa mtu tunaifinyanga vidonge, tunavipandia seli za mfupa, kisha tunatazama kama zitaishi. Mwaka wa kwanza zilikufa zote. Saruji mbichi hutoa ukali wa chokaa, na ukali huo huziunguza.

Dawa yake niliipata jikoni kwa Bibi. Unakumbuka mapapai yake ya sukari, alivyoyaloweka kwenye maji ya chokaa yawe magumu, kisha akayaosha na kuyaosha mpaka utelezi uishe vidoleni? Kuosha huko hakumfundisha mtu. Alidhani kila mwenye mikono anajua. Jirani yake Bu Lasmi aliiba mapishi bila kuosha, akawaunguza ndimi wageni wa harusi nzima. Basi nami niliviosha vidonge vyangu siku tatu, nikibadilisha maji asubuhi na jioni, mpaka yale maji ya rangi ya waridi ya kulishia seli yakaacha kugeuka zambarau kwa ukali. Seli zikashika, zikatambaa, zikajaa. Nililia. Na kama Bibi, sikuandika hatua hiyo daftarini. Nani anaandika kuosha?

Mwezi uliopita mkuu wetu, Dokta Prasodjo, alinipa bango la utafiti nilitundike ukumbini. Saruji yangu ilikuwa humo. Majina yalikuwa mawili, lake na la Danang, mpwa wa mkewe, ambaye hajawahi kuosha hata glasi. Nilimuuliza kwa adabu, kichwa chini, kama jina langu limesahaulika. Akacheka.

"Wigati, wewe ni mikono tu. Kichwa ni changu."

"Nggih, Bapak," nikajibu, ile ndiyo yetu ya kila siku, nikatabasamu, nikalitundika bango likanyooka. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua tabasamu lile huwa na nini ndani. Ndani yake ilikuwa hasira tupu.

Jumatatu hii Danang alichukua daftari langu aandae vidonge vya kuwaonyesha madaktari wa upasuaji kutoka Surabaya. Alifuata kila mstari. Mimi nilikunja mikono. Usiseme nimehatarisha watu: seli zikifa kwenye kisahani, hakuna atakayewekewa saruji hiyo, na ndiyo maana kipimo kipo. Nilizoziwaza kwa huruma ni seli zenyewe. Zilitoka kwenye nyonga ya mama mmoja muuza gudeg ya mafenesi, aliyezitoa kwa roho safi.

Alhamisi wageni wakafika, nami nikapewa sinia ya chai. Maji ya waridi yalikuwa zambarau tupu. Kwenye darubini seli zilikuwa zimejikunja na kuelea, hakuna hata moja iliyoshika. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akainua kichwa.

"Hii ndiyo mnataka nimwekee mtu kwenye taya?"

Dokta akanigeukia, jasho likimtoka. "Wigati, umefanya nini wewe?"

"Nimechemsha chai, Bapak. Sukari nimeiweka kando."

Tangu hapo naitwa Mbak Wigati, kama dada wa kuheshimiwa. Jana Dokta alinivutia kiti kwa mkono wake, akaniomba nimwambie kinachokosekana. Nikamwambia mikono haina habari, aulize kichwa. Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili za wali.

Lakini si mjinga yule. Ipo siku ataipata, atasimama tena mbele za watu aseme ni yake. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu: vidonge vioshwe siku tatu, maji mara sita, mpaka rangi isigeuke. Barua hii naipeleka posta mwenyewe, na sitaondoka mpaka nione muhuri wa tarehe umegongwa, uwe shahidi kwamba nilijua kabla yake. Bahasha usiitupe, najua unavyopenda kuwashia jiko. Iweke na barua ndani ya lile kopo la biskuti, chini ya pasipoti yako. Nikikuomba, itume.

Sitamzuia kupanda jukwaani. Namngoja afike juu kabisa.

Kaka Bagyo na watoto wake wanakusalimu, na Mama anasema ule vizuri. Nisalimie bikizee wako. Mungu akutunze mgongo na mikono, na akurudishe kwetu kabla ya Idi ya Lebaran, nipige magoti hayo mbele yako.

Mwanao akupendaye, mikono na kichwa,
Wigati