Homa Iliyoitwa Chango

Malvern, Jumanne, 12 Septemba 2017

Dada Biubwa, shikamoo. Durban mnaendeleaje, na kifua cha mtoto kimepoa?

Nakuandikia kwa simu jambo ambalo sijamwambia mtu: nilikuwa na mimba. Kliniki walinipa vidonge vya kuitoa. Vya mwisho nilivitumia Jumamosi, Mama akiwa dukani kwake Jules Street. Damu ilitoka kama walivyonieleza. Mama aliponikuta nimejikunja, nikamwambia ni tumbo la mwezi.

"Chango la uzazi hilo," akasema, "la bibi yako, limekufuata mpaka huku ugenini."

Basi ananikanda kwa maji ya moto, ananikaza kanga tumboni, ananinywesha mizizi ya kuchemsha. Tangu jana nina homa, natetemeka. Anasema ni chango linatoka. Nimepekua vitabu vya baiolojia vya shule, havisemi. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Najma

Durban, Jumanne hiyohiyo

Marahaba, mdogo wangu. Mtoto hajambo.

Sikulaumu. Nimempigia nesi ninayemwamini. Homa ya saa chache baada ya vidonge huwa ya dawa yenyewe; ikija siku za baadaye, huenda ni maambukizi. Nenda hospitali leo. Ni vivyo hivyo damu ikilowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au uchafu ukinuka, au maumivu yasipotulia. Mizizi acha. Waambie ulichotumia: ni halali hapa, na mgonjwa wa dharura hafukuzwi kwa kukosa karatasi za ukaazi.

Chango gani la kutetemesha mtu? Eish, Najma, na kusoma kote huko!

Dadako

Durban, Jumatano asubuhi

Najma, umeamkaje? Napiga, simu imezimwa. Siri ni yako, lakini ukiwa kimya mpaka adhuhuri nampigia Mama. Bora uninunie ukiwa hai.

Dadako

Hospitali, Alhamisi, 14 Septemba

Dada, shikamoo. Nipo, homa imeshuka. Simu yangu ilikwisha chaji, na ya Mama ilibaki nyumbani, nisamehe. Kulikuwa na mabaki ya mimba tumboni. Daktari ameyatoa, na dawa inaingia mshipani.

Jana asubuhi nilimwambia Mama homa imenizidi, twende hospitali. Kwenye teksi, ile daladala ya huku, alimsimulia jirani wa kiti, aelewe asielewe, habari za chango njia nzima. Mapokezi wakaniuliza ninaumwa nini. Nikajibu kwa Kiingereza, yote, hata jina la vidonge. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha bei tu, akatabasamu kwa adabu.

"Umewaambia ni chango?"

Nikamshika mkono, nikamweleza upya kwa Kiswahili bila kuruka neno. Nesi akaita jina langu. Nikasimama nikamfuata, na Mama akachukua mkoba wangu akaja nyuma.

Mdogo wako,
Najma