Perege Waliokufa Bwawani Ipililo

Bergen, Norwe

Kwa kaka yangu Masanja,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu zako, na mayu, mama yetu, akiwa amepata nafuu ya mguu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimekwisha kuizoea, isipokuwa vidole.

Shukrani naziweka mbele ya mengine yote. Samaki wako walikufa kwa siku moja, watu wakakuletea mkosaji aliyekwisha kuhukumiwa, nawe ukawaomba sungusungu wangoje mpaka mdogo wako ajibu. Najua si rahisi kuusimamisha mkutano wa kijiji wenye hasira. Najua pia kwamba huyo wanayemshtaki, jirani yetu mzee Ndaki, alipokatazwa kunywesha mifugo yake bwawani kwako alitamka mbele ya watu, "Tutaona samaki wenu hao watanenepa mpaka lini." Maneno hayo ni mabaya, lakini hayaui samaki. Naye akitengwa na kijiji kama sungusungu wanavyotaka, hakuna atakayempa moto wala kumsaidia kuzika.

Jambo lililonishtua umeliandika kwenye habari za ng'ombe, kama la pembeni: kwamba josho la serikali limekauka, kwamba tangu biashara iwe huria dawa ya kupe inauzwa katika kila duka Bariadi, kwamba ulinunua ile mpya, ukawanyunyizia ng'ombe Jumamosi na kuwapeleka moja kwa moja bwawani wanywe na kupoa. Jumapili perege walikuwa wanaelea.

Kaka, baadhi ya dawa mpya za kupe huua samaki hata zikiingia majini kwa kiasi kidogo sana, ilhali ng'ombe hazimdhuru. Umeandika mwenyewe kwamba ng'ombe waliokunywa maji hayo ni wazima, na kwamba wadudu wa majini walielea pamoja na samaki. Sijayapima maji, kwa hiyo sitaapa. Ila kila ulichokiona kinaelekea upande huo, na hakuna hata kimoja kinachoelekea nyumbani kwa Ndaki.

Haya nimeyajulia kazini. Shamba la samaki ninakojifunza linafuata viwango vya kimataifa vya ufugaji, na mkaguzi huja bila taarifa. Ni mama mfupi, mpole wa sauti. Majuzi alikuta kopo la dawa mlangoni mwa ghala la chakula cha samaki.

"Hili linafanya nini hapa?"

"Limefungwa," akajibu mwenzangu.

"Sikukuuliza kama limefungwa."

Kazi ilisimama mpaka ikajulikana lilikopitia. Siku ile nilicheka kimoyomoyo. Viwango hivyo vinataka dawa ikae mbali na maji, mifugo isiingie bwawani, na majirani wanaotegemea maji hayo wasikilizwe. Hilo la mwisho nililidhani la adabu tu. Baada ya barua yako naliona ni la usalama kama mengine.

Usitegemee neno langu pekee. Omba vifaranga vichache vya perege kwa wafugaji wa Maswa, uviweke mbele ya mkutano katika mabeseni mawili ya maji ya kisima. Katika moja, mimina maji yaliyomwosha ng'ombe aliyenyunyiziwa dawa ile. Ndaki ayachote mwenyewe. Vikifa, tamka kwa kinywa chako kwamba ng'ombe walikuwa wako. Visipokufa, bado hatutakuwa na ushahidi dhidi yake. Baadaye yamwage mbali, na maji ya bwawa usiyafungulie kwenda mashambani kwa watu. Kisha jenga birika la kunyweshea nje ya bwawa, na mifugo ya Ndaki nayo inywe hapo.

Najua ninakuomba jambo zito, mwenye hasara ndiye asimame kukiri. Lakini aliyeweza kuwazuia sungusungu kwa ajili ya mtu aliyemtukana ataliweza na hili, na mimi najivunia kuwa mdogo wako.

Nisalimie mayu, na wifi yangu Limi, ambaye pembeni mwa barua yako aliandika kwamba haamini kuwa ni Ndaki; mwambie nimemwelewa. Nisalimie na shangazi Holo, aliyetulea. Mzee Ndaki naye umsalimie, kabla ya mkutano, si baada yake. Mwendee nyumbani kwake mchana, watu wakikuona, ukae mpaka akupe maji ya kunywa, uyanywe.

Nduguyo akupendaye,
Minza