Carotte Yangu Imeoshwa

Siku ya ine, mangaribi

Papa Ilunga, fundi wetu wa labo, ameniosheya carotte. Ile nguzo ndefu ya matope, yenye banatoboleaka chini ya bahari na bomba, yenye tuliomba mwaka muzima. Ndani yake maganda madogo-madogo ya vinyama vya bahari inachunga alama ya joto ya maji ya zamani.

Lakini Papa Ilunga alizeekea mu mine, kule banachimba shaba. Kule carotte ni jiwe, banaioshaka kwanza ndio shaba ionekane.

"Mama Prof, matope ilikuwa mingi! Nimeosha yote."

"Na carotte iko wapi?"

"Hata miye nashangaa. Ndani hamukuwa kintu."

Bravo. Joto ya bahari muzima iko mu caniveau, mu mufereji wa maji machafu.

Nilitaka kumufokea. Kisha nikaona karatasi ku mulango ya labo: "Osha kila kitu mbele ya kuingiza. Hakuna excuse."

Ni mwandiko wangu.