Mtoto wa kilo elfu tatu

Shoga, nimetoka kazini na hasira zangu!

Si unamjua bosi wangu, yule Mjuaji? Kwenye programu niliyoiandikia hospitali, klasi yangu ya Mgonjwa, kile kipande kinachoshika taarifa za mgonjwa, ilikuwa inakagua kila data ya kliniki za nje kabla ya kuipokea. Ukaguzi akaufuta! Eti "unakataakataa sana, unatuchelewesha."

UNATUCHELEWESHA!

Leo kliniki moja imetuma uzito wa kichanga kwa gramu. Mfumo ukameza bila kutafuna, ukapiga hesabu ya dawa kama ni kilo.

Mfamasia akatoka mbio: "Mtoto gani ana kilo elfu tatu?"

Bosi mshenzi akanigeukia mbele za watu: "Unaona programu yako?"

YANGU?

Mama mtu yuko pale dirisha la dawa, kambeba huyo wa kilo elfu tatu kwa mkono mmoja, ananitazama mimi.