Folda Tano Kwenye Seva

Mwenzangu, uko wapi??

Nilikuwa nakunywa chai yangu ya asubuhi pale studio ya picha kama kawaida, huku ile skripti yangu ya Linux, programu ndogo niliyoiandika mwenyewe, ikisoma orodha ya wateja wa leo na kumfungulia kila mmoja folda. Ghafla Bosi akapiga kelele: "Nani ameingiza virusi kwenye seva?"

Folda tano ngeni! Akazisoma kwa sauti mbele ya wote: "Leo. Mchana. Naomba. Pamoja. Tule. Tule nini, jamani?"

Tule nini!! Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua palepale kosa ni langu. Kwenye mkdir, ile amri ya kuunda folda, sikulizungushia jina alama za kunukuu, kwa hiyo jina la maneno matano linazaa folda tano, na kompyuta inazipanga kwa alfabeti.

Nilipokiri, Bosi akafoka: "Binti, hiyo skripti yako naifuta leo hii. Turudi kufungua folda kwa mkono."

Jasho langu lote!

Ndipo Mpole akasimama. Yule msafisha picha, ambaye hata salamu huwa anaitoa akiangalia sakafu!

"Usiifute, Bosi. Skripti ni nzima, imekosa alama mbili tu. Ni mimi niliyeandika maneno hayo kwenye orodha ya leo, kama jina la mteja. Kila asubuhi binti huyu ndiye anayekagua folda, nikataka ayaone."

"Aone nini?"

Mwenzangu, akanigeukia. Akanitazama usoni kabisa.

"Naomba tule pamoja leo mchana."