Maswali ya Kuwauliza Wafiwa

9 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepunguza kelele, na wenye friji zao wanaendelea kukusumbua kama kawaida. Mimi sijambo.

Nimeona niandike, maana kwenye simu tunabaki kusikilizana pumzi tu. Mmoja anasema haya, mwingine anasema haya, basi tumekata.

Nimepata chumba nyuma ya saluni. Mashine za kukaushia nywele zinanguruma mpaka jioni, zikizimwa ndipo najua siku imeisha. Redio yenyewe iko ghorofani juu ya duka la magodoro. Ukitaka kwenda chumba cha habari lazima upite katikati ya magodoro yaliyosimamishwa, na muuzaji anakusalimia kila asubuhi kama mteja mpya.

Kazi yangu kwa sasa ni kuvaa hedifoni, kusikiliza rekodi za waandishi na kuandika kila neno lililosemwa. Siku ya kwanza mheshimiwa mmoja alikohoa katikati ya hotuba, nami nikaandika "anakohoa". Mhariri msaidizi akaja na karatasi mkononi akaniuliza kama hiyo ndiyo habari. Wenzangu wa mafunzo wanamwita Bosi Nusu, kwa kuwa bosi mzima hatujawahi kumwona. Tuko wanne wa mafunzo, na tetesi ni kwamba mwisho wa miezi hii ya mafunzo watachukua mmoja.

Najua ndugu hawakupenda niondoke wakati Mama hajamaliza hata mwezi tangu tumzike. Wewe ulisema nenda, nikaenda. Sijalia bado, Baba. Sisemi kwa kujisifu. Najiona kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi halafu daktari akaenda nyumbani akamsahau kwenye benchi.

Nisalimie jirani.

Ni mimi binti yako.


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, ina alama ya kidole cha mafuta kwa sababu niliifungua kazini. Mimi mzima. Mgongo upo, mimi nipo, tumezoeana.

Wiki hii nimekuwa na jokofu la mwenye bucha. Nimebadilisha kompresa, nimejaza gesi, likapoa siku moja likakataa. Kumbe raba ya mlango imechoka, baridi lote linatoka nje linapoza barabara. Mwenye bucha akasema nilipaswa kuanza na raba. Nikamwambia kweli. Zamani ningebishana naye mpaka jioni.

Hayo ya ganzi nimeyasoma. Na mimi ni hivyo hivyo. Nafungua friji za watu, nazifunga. Nyumba ipo.

Nimeweka redio kwenye rafu ya karakana ili nikusikie. Mpaka sasa namsikia yule jamaa wa saa moja tu, anayesoma habari kama anakimbizwa na mbwa. Wakikuruhusu kusema, sema taratibu.

Baba yako.


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. U hali gani, na karakana je? Mimi mzima, mvua tu inatuonea, na paa la hapa linavuja juu ya meza yangu na si ya mtu mwingine.

Nimeanza kusikika. Huenda umeshanisikia.

Ilikuwa hivi. Ukuta uliangukia mafundi kwenye jengo moja linalojengwa, na mwashi mmoja akafa. Mwandishi wa mambo hayo alikuwa anaumwa, hivyo Bosi Nusu akatazama meza zetu, akaninyooshea kalamu. Akasema niende kwa mjane, nirudi na sauti. Hakusema habari, alisema sauti.

Nilimkuta mjane ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, watu wengine wakihangaika na viti. Mwandishi wa redio nyingine alikuwa ameshamuuliza anajisikiaje, naye akamjibu anajisikia vibaya, mazungumzo yakafia hapo. Nikachuchumaa. Nikamuuliza mumewe alipotoka asubuhi alisema nini.

Akafikiri, kisha akaniambia, "Alisema lile shati la bluu lisifuliwe na mengine, linachuja rangi."

Baada ya hapo akasema kila kitu. Nilishika maikrofoni na mkono haukutetemeka. Aliponishika goti nikasema pole mama, nikasogeza maikrofoni ili asiguse waya. Dereva wa gari la redio ndiye aliyetoka nje akajifuta macho. Mimi nilikuwa naangalia mshale wa sauti usipande sana.

Ilipotangazwa, chumba kizima cha habari kiligeuka kusikiliza. Bosi Nusu akasema nina moyo wa kazi. Tangu hapo kila penye msiba natumwa mimi, nao wamenibandika jina, Dada Pole. Maswali yenyewe si mengi. Alisema nini mara ya mwisho. Nani anapika sasa. Unalala wapi. Ulikuwa wapi alipokata roho. Ukiuliza hayo kwa upole na ukangoja bila kuharakisha, watu wanafunguka. Ningejishangaa, ila hata kushangaa kunataka nguvu.

Usaili wa ile nafasi moja utakuwa mwanzoni mwa Juni. Wenzangu watatu wananitazama kama nimeshawachukulia.

Binti yako.


11 Mei

Mwanangu,

Habari za huko. Barua yako ilifika zamani. Ilikaa mezani, kila nikikaa kuandika nakumbuka kuna friji ya mtu.

Ndiyo, nilikusikia. Nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja, nimelala chini nyuma ya friji yao, ukaanza kuongea na yule mama wa mwashi. Wapishi wakaacha visu. Mmoja akasema huyu binti anajua kazi. Sikuwaambia ni wewe. Niliendelea kushika waya mpaka ukamaliza, kisha nikasahau nilikuwa naushika wa nini.

Sauti yako ilikuwa imetulia, kama ya yule nesi wa wodi ya Mama yako aliyetuita pembeni siku ile. Sisemi ni vibaya. Yule nesi alikuwa mtu mwema.

Kwenye usaili vaa viatu vilivyofungwa. Usijibu kabla hawajamaliza kuuliza, hiyo tabia umeirithi kwangu.

Baba.


5 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Usaili umefanyika. Walikuwa watatu: meneja wa matangazo, Bosi Nusu, na mama mmoja wa utumishi mwenye miwani ya kamba. Waliniuliza ya kawaida, kwa nini redio, najiona wapi baadaye. Nikajibu. Kisha meneja akasema wanataka kuniona nikifanya kazi. Yeye atakuwa mwanamume aliyefiwa na mkewe, mimi nimhoji.

Akatoa leso akaifunika uso. Akalia kwa sauti kubwa, akasema amekwisha, dunia imemgeuka. Bosi Nusu akatazama dirishani ili asicheke. Mimi nikangoja. Nilimngoja mpaka kilio kikamwishia mwenyewe, kisha nikamuuliza, "Nani anapika sasa?"

Akashusha leso. Hakuwa amejiandaa na hilo. Akasema atakuwa anakula hotelini. Nikamuuliza analala wapi. Akasema kitandani, wapi tena. Nikamuuliza alikuwa wapi mkewe alipokata roho, akasema alikuwa kazini, tena kwa haraka, kama mtu aliyechelewa anayejitetea. Wakacheka kidogo, wakaandika.

Yule mama wa utumishi hakucheka. Alivua miwani akaniuliza nimejifunza wapi maswali hayo. Nikasema kazini. Akaniuliza, "Wewe mwenyewe umewahi kufiwa?"

Nikamjibu, "Hapana. Wazazi wangu wote wapo."

Ilitoka vizuri, Baba, kama nasoma hali ya hewa. Wakanishukuru, nikawashukuru, nikafunga mlango bila kelele.

Nilipofika chini kwenye magodoro sikutoka nje. Nikakaa kwenye godoro moja lililolazwa. Muuzaji akaja akaniuliza nataka la ukubwa gani, nikamwambia naangalia tu. Akaniacha nikaangalia.

Pale ndipo nilipowaza. Maswali yale nimewauliza wajane, mababu, mama aliyepoteza mapacha, mpaka meneja mwenye leso. Wewe sijakuuliza hata moja. Nilipofika hospitali siku ile nilikukuta umesimama mlangoni mwa wodi na bisibisi mfukoni mwa shati. Niliiona, nikauliza kama gari la kumpeleka Mama limeshaitwa.

Kwa hiyo nakuuliza sasa. Nani anapika? Unalala wapi? Ulikuwa wapi Mama alipokata roho, na alisema nini?

Usipotaka kujibu usijibu. Hakuna atakayerusha hewani.

Binti yako.


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimefunga karakana mapema, nimenawa mikono, ndiyo maana karatasi ni safi.

Nani anapika. Napika mimi. Mwanzo jirani alikuwa analeta, nikamwambia inatosha, kwa sababu kila akileta lazima nirudishe vyombo, na ukirudisha vyombo lazima uongee. Nikipika kipimo kinakuwa cha watu wawili, mkono umezoea hivyo. Nusu nailaza kwenye friji naila kesho yake. Usicheke, lakini ni mara ya kwanza friji ya nyumba hii kufanya kazi, unajua mwenyewe ya fundi huwa mbovu. Niliitengeneza Machi.

Nalala wapi. Kwenye kochi. Ndiyo sababu ya mgongo, nilikuwa nakudanganya kwamba ni kazi. Kitandani nimepanga vipuri. Nilianza na kompresa moja tu, upande wake, ili pasiwe wazi. Sasa vimejaa.

Nilikuwa wapi. Nilikuwa juu ya kiti.

Ile feni ya juu ya kitanda chake ilikuwa inalia. Wewe hukuisikia, ulikuja imeshanyamaza. Inazunguka inalia, inazunguka inalia, mchana na usiku. Mama yako akasema ile feni inamchosha kuliko ugonjwa. Nikamwomba nesi ruhusa, akatazama huku na huku akazima swichi. Nikapanda. Skrubu moja ilikuwa imelegea na panga moja limepinda kidogo. Mama yako akawa ananielekeza toka kitandani, mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi maisha yake yote. Kushoto. Sio hapo. Unakaza sana. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ile ile ya kuniamrisha. Nikakaza, nikanyoosha lile panga, nesi akawasha. Ikazunguka kimya kabisa.

Akasema, "Hapo sasa."

Nikabaki juu ya kiti naitazama. Kazi ukishaimaliza unaitazama kidogo, ndivyo nilivyofundishwa. Niliposhuka alikuwa ameshaondoka, uso umeelekea juu kule kule kwenye feni.

Sijamsimulia mtu. Si siri. Hakuna aliyeuliza.

Sasa na mimi nina maswali. Sina kinasa sauti, kwa hiyo nimekuachia nafasi hapa chini, jibu kwenye karatasi hii hii uirudishe. La kwanza, kazi umepata? La pili, huko unakula na nani? La tatu, kwa nini uliwaambia Mama yako yupo? Siulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua.

Baba yako.


3 Julai

Shikamoo Baba.

Kazi nimepata. Nimesaini. Nimeomba wanitoe kwenye misiba wanipe chochote, hata bei za sokoni, hata mpira. Bosi Nusu amesema tutaona, na yeye akisema tutaona huwa hatuoni. Nitamkumbusha.

Nakula peke yangu. Wale wenzangu watatu wameondoka. Mmoja alinipa mkono, wawili walipita tu.

La tatu lilinishinda, ndiyo maana nimekawia. Karatasi ilikaa mezani kazini, chini ya bahasha. Jana wakaniletea rekodi ya mzee mmoja asiye na jino hata moja, anasimulia mafuriko ya zamani. Watu wawili walikuwa wameshashindwa kumwelewa. Nikavaa hedifoni, nikaandika mwanzo mpaka mwisho bila kurudia. Bosi Nusu akashangaa, nami nikashangaa.

Baadaye ndipo nikajua kwa nini nilimwelewa. Mama alipokuwa ananisuka alikuwa anauma kitana. Ananiuliza mambo ya shule, ananigombeza, anasengenya majirani, yote kitana kiko mdomoni, na mimi nikitikisa kichwa tu anakivuta kirudi. Miaka yote ile nilikuwa namwelewa kila neno.

Nikavua hedifoni, nikaenda kukaa kwenye ngazi. Sikufanya lolote, nilikaa. Watu wakapanda wakashuka. Mwisho akashuka Bosi Nusu na chai yake, akasimama.

Akaniuliza, "Unaumwa?"

Nikamwambia, "Hapana. Nimefiwa. Mama yangu."

Akauliza lini, nikamwambia Januari. Nilidhani atauliza kwa nini nilisema vile kwenye usaili, yeye si alikuwepo. Hakuuliza. Akakaa ngazi ya chini yangu, akaiweka chai sakafuni, akaniuliza Mama alikuwa mtu wa namna gani.

Nikaanza na kile kitana.

Binti yako.